Injini kimya, valvu inaungua

SWALI

Salaam aleikum, mzee fundi.

Mimi ni mwendesha boda hapa Arua, Uganda. Huu ni mwaka wa saba katika kazi hii, na pikipiki niliyo nayo niliichukua kwa mkopo, imebaki miezi minne niumalize. Ni ya silinda moja, cc 100, ya kupozwa na upepo, aina ile utakayoikuta kila steji. Asubuhi nabeba abiria mjini, mchana mara nyingi napata wa kwenda upande wa Rhino Camp kwa njia ya murram, mtu mmoja na mizigo yake, siku nyingine gunia la muhogo juu.

Shida ilianza kiangazi, mwezi wa kwanza. Asubuhi pikipiki ikawa haitaki kuwaka. Napiga kiki, mguu unashuka bila kizuizi, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Ikishawaka inakatakata, na kwenye ekzosi inapiga pu, pu. Mlimani haina nguvu. Ilifika siku mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashuka, akatembea hadi juu, mimi nikamfuata nyuma nikisukuma. Niliona haya, nikakataa pesa yake.

Fundi wa kwanza alifungua, akasema valvu ya ekzosi, kile kifuniko kinachofungua na kufunga njia ya moshi, imeungua. Akaweka mpya, akasaga kwa pasta, akafunga. Nililipa shilingi 75,000. Ikatoka nzuri, kimya kama cherehani, hata wenzangu wa steji wakawa wananiuliza ni fundi gani huyo. Baada ya wiki kumi, yaleyale. Fundi wa pili akasema kosa ni petroli, kwamba nimenunua ya chupa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Ni kweli nilikuwa nanunua ya chupa nikiwa mbali na mji. Akaweka valvu nyingine, akasaga, akabana tapeti, zile skrubu za kurekebishia nafasi ya valvu, mpaka sauti ikaisha kabisa, nikalipa 90,000. Tangu siku hiyo natia petroli kituo kikubwa tu, na risiti naidai. Sasa ni wiki ya nane na kiki imeanza tena kulegea asubuhi. Bado inawaka, bado inaniletea posho, lakini dalili hizi nazijua.

Fundi wa tatu anataka ninunue silinda hedi nzima, shilingi 260,000. Nikizitoa hizo, rejesho la mkopo mwezi huu litanishinda, na mwenye mkopo hana maneno mengi, anakuja kuchukua pikipiki yake.

Nikueleze na mengine, usije ukasema nimekuficha. Sponji ya chujio la hewa niliitoa mwaka jana, mwenzangu aliniambia bila sponji injini inapumua vizuri. Mpira wa kabureta una ufa, nimeufunga kwa kipande cha tyubu. Oili nabadilisha nikiona imekuwa nyeusi. Cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini inayoendesha valvu, haijaguswa tangu pikipiki iwe mpya.

Nimekutumia kwa basi ile valvu ya pili iliyoungua, nimeifunga katika kitambaa, maana nasikia unapenda kuona chuma chenyewe. Niambie, mzee: ni petroli, ni valvu feki, ni hedi, au ni mimi?

Mwendesha boda, Arua

JIBU

Aleikum salaam, mwanangu. Kifurushi kimefika, na ninavyoandika hivi valvu yako iko mezani kwangu, karibu na dirisha. Nianze nayo, kwa sababu wewe umenipa washukiwa wanne, na katika habari hii yote huyu ndiye shahidi pekee aliyekuwa ndani ya injini.

Ukingoni mwa kichwa chake kuna pengo. Punje ya mchele ingepita hapo. Limelika kama mahali panya alipong'ata muhindi: pana ukingoni, linazidi kuwa jembamba kuelekea katikati, na kingo zake ni laini, zimeyeyushwa na moto. Kichwa hakijavunjika. Shina nimeliviringisha juu ya kioo, linakwenda sawasawa, halirukiruki, kwa hiyo valvu hii haikupinda. Ingekuwa cheni ya taimingi imeruka jino, pistoni ingeigonga, shina lingepinda na juu ya pistoni ungekuta alama kama mwezi mchanga. Cheni yako ina haki ya kuangaliwa, lakini siyo iliyoiua hii. Shina halina michubuko mirefu, basi oili nayo ilikuwa inafika. Nimejaribu na sumaku: shina linashikwa, kichwa hakishikwi. Valvu nyingi za ekzosi hutengenezwa hivyo, kichwa cha chuma kingine kinachostahimili moto. Si zote, kwa hiyo usimhukumu muuzaji kwa sumaku peke yake, ila sioni sababu ya kuiita hii feki.

Kuna mambo mawili juu ya chuma hiki yamenifanya niwashe na taa mchana. La kwanza ni uso wa valvu, ule mteremko unaokaa juu ya siti, yaani ule mduara wa chuma kwenye hedi ambao valvu huuziba. Siti ikiwa nzuri huacha mkanda mwembamba wa kijivu, upana wa milimita 1 hivi, wenye mipaka safi. Mkanda wako nimeupima umefika milimita 2.5, na ndani yake kuna vishimo vidogovidogo ambamo magamba ya kaboni yalikuwa yakigandamizwa kila valvu ilipofunga. La pili ni shina: limeng'aa juu na limeng'aa chini, katikati lina rangi yake ya dukani. Hiyo ni alama ya bushi, kile kibomba ambamo shina hupanda na kushuka, iliyolika kwenye midomo yote miwili. Valvu ilikuwa inacheza ndani ya bushi kama mchi kwenye kinu. Mafundi wako walibadilisha valvu mara mbili, na mara zote mbili wakaipandisha mpya kwenye bushi ya zamani, juu ya siti ya zamani iliyopanuka, wakasaga kwa mkono. Pasta ya kusagia hung'arisha mguso. Haiwezi kuifanya siti pana iwe nyembamba, wala haiwezi kumnyoosha aliyekaa upande. Ukisaga zaidi ndivyo siti inavyozidi kupanuka.

Lakini chuma hakiwezi kuniambia tapeti zilikuwa zimeachiwa nafasi ngapi. Hilo nimelisoma katika barua yako, pale ulipoandika "kimya kama cherehani".

Fikiri valvu ya ekzosi inaishije. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu inafunguka na kufunga mara 3,000, yaani mara 50 kila sekunde, na kila ikifunguka moto wote unaotoka unapita shingoni mwake. Kichwa chake kinafika nyuzi joto 700 za Selsiasi hivi, na kwenye kazi nzito hupita hapo. Ya kuingizia ina nafuu, kwa sababu inaoshwa na hewa na petroli vya baridi. Ya ekzosi haioshwi na kitu. Nafasi yake ya kupoa ni ule muda mfupi inapokuwa imefunga, imelalia siti: takriban robo tatu ya joto lake hutoka kwa njia hiyo, likaingia kwenye hedi, likachukuliwa na upepo wa barabarani. Linalobaki hupitia kwenye shina na bushi. Sasa shina likipata moto linarefuka. Ndiyo sababu waliotengeneza injini wakaacha nafasi kati ya roka, ule mkono unaoisukuma valvu ifunguke, na ncha ya valvu injini ikiwa baridi, na ndiyo sababu mara nyingi ya ekzosi hupewa kubwa zaidi. Ukiibana nafasi hiyo hadi sifuri injini ikiwa baridi, ikipata moto roka inaikalia valvu mgongoni, haifungi kabisa. Pengo la unene wa karatasi linatosha. Moto unapenya hapo wakati valvu ilipotakiwa kupumzika, unachimba mahali pamoja kama maji yanavyochimba mfereji, na baada ya wiki chache unapata hilo jino la panya.

Watu wengi, na mafundi wakiwemo, wanadhani tapeti hulegea tu. Roka na kamshafti, ule mhimili unaoziinua roka, zikilika, ndiyo, nafasi inaongezeka na unasikia tik-tik-tik. Lakini valvu na siti zikilika, valvu inazama ndani ya hedi, shina linapanda juu, na nafasi inapungua siku hadi siku bila sauti yoyote. Kwa hiyo injini inayolia kidogo inakuambia iko wapi. Iliyonyamaza ghafla, tena kwenye pikipiki iliyokwisha fanya kazi miaka, ndiyo ya kuogopa. Mficha maradhi kilio humuumbua. Nami nasema hivi kwa sababu nilipoanza kushika spana Katwe, Kampala, nilibana tapeti za watu wengi hivyohivyo. Mteja anataka kimya, anakulipa akitabasamu, anakusifu kwa wenzake. Aliporudi baada ya miezi miwili nilimwambia petroli ni mbovu, na nilikuwa naamini. Ilinichukua muda mrefu kuunganisha mambo hayo mawili, na wateja wale walilipa gharama yake. Hili linanikaa moyoni mpaka leo.

Fundi wako wa pili, kwa hiyo, simwiti mwongo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa ni adui wa kweli: inagonga ndani ya silinda unapopanda mlima, inajaza kaboni, na inachemsha injini. Na ninyi watu wa Arua mna historia ndefu na petroli ya madumu, wazee wenu bado wanawakumbuka wale vijana walioitwa OPEC Boys waliokuwa wakiuza kando ya barabara petroli iliyovuka mpaka wa Kongo. Lakini petroli mbovu huacha alama zake. Ukifungua, tazama juu ya pistoni: ukikuta vishimo kama chuma kimepigwa kokoto, hasa pembezoni, au udongo mweupe wa plagi una vitone vyeusi na vya kung'aa, hapo shuku petroli. Wewe hukuniandikia kwamba injini inagonga mlimani, umesema inakosa nguvu tu. Tena umehamia kituo kikubwa wiki nane na dalili zimerudi. Mshukiwa huyo alikuwa hayupo, na kosa limetendeka tena. Wapo pia wazee watakaokuambia valvu zinaungua kwa sababu petroli ya siku hizi haina madini ya risasi. Ni kweli kwamba risasi ilikuwa inazilinda siti laini za injini za zamani, na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Pikipiki kama yako ilitengenezwa baada ya hapo, siti zake ni za chuma kigumu. Hilo liweke kando.

Ufa wa mpira wa kabureta siwezi kuuweka kando. Hewa inayoingia hapo haikupimwa na kabureta, mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na moto wake unakuwa mkali zaidi. Hata ule mlio wa pu, pu unaweza kuchangiwa na ufa huo, ingawa valvu ya ekzosi inayovuja nayo inatoa mlio uleule. Kama ingekuwa inapiga chafya kwenye kabureta, ningeanza kuiangalia valvu ya kuingizia. Pikipiki ikiwa imesimama na injini inawaka, paka maji ya sabuni juu ya ile tyubu uliyofunga. Mlio ukibadilika, inavuta. Lakini kwa nini upime? Nunua mpira mpya, bei yake ni ya safari chache za mjini.

Kuhusu sponji, mwanangu, hapo nakuomba kama mzazi. Barabara ya Rhino Camp wakati wa kiangazi, gari likipita mbele yako huoni hata taa yake. Vumbi lile jekundu lina mchanga mgumu, na bila sponji unaliingiza moja kwa moja kwenye injini. Toa mpira wa upande wa chujio, pitisha kidole ndani, halafu sugua kidole hicho kwa kidole gumba. Ukisikia chengachenga, hizo ndizo zilizokula bushi ya valvu ya kuingizia, na ringi za pistoni, na ukuta wa silinda. Injini "kupumua vizuri" kwa njia hiyo ni sawa na kula bila kuosha mchanga kwenye mboga. Rudisha sponji leo, iloweshe oili kidogo, uikamue, uifunge. Kwenye vumbi hilo ioshe kila wiki.

Sasa hiyo valvu ya tatu iliyomo ndani. Kiki imeanza kulegea lakini pikipiki inawaka na inabeba, kwa hiyo huenda bado haijaungua. Usinunue hedi. Usikubali ifunguliwe kesho. Fanya hivi kwanza, na ufanye asubuhi kabla hujaiwasha, injini ikiwa imelala usiku kucha.

Tafuta fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Fungua vifuniko viwili vya tapeti juu ya hedi na kile cha pembeni kinachoonyesha sumaku, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Zungusha polepole hadi alama ya T kwenye sumaku ikae sawa na alama ya kwenye kava, kisha shika roka zote mbili kwa vidole uzitikise. Zikicheza, uko mahali penyewe. Zikikataa, zungusha mzunguko mmoja kamili, kwa sababu kamshafti huenda nusu ya mwendo wa injini. Na roka ya ekzosi ikikataa kucheza mzunguko wa kwanza na wa pili, umeshapata jibu lako bila hata kutumia fila: haina nafasi hata kidogo. Pikipiki nyingi ndogo za aina yako hutaka karibu milimita 0.05 kwenye ya kuingizia na 0.10 kwenye ya ekzosi, lakini kitabu cha pikipiki yako kikisema namba nyingine, fuata kitabu. Fila ikae kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu chepesi: inatoka, lakini unaihisi. Shika skrubu isizunguke unapokaza nati, halafu pima tena, maana nati ikikazwa huivuta skrubu na kukuibia nafasi. Kosa hili wanalifanya hata wenye uzoefu.

Baada ya hapo rudisha plagi, piga kiki. Kizuizi kikirudi mguuni, umeiwahi. Utasikia tik-tik ndogo, iache ilie. Kisha pima tena baada ya kilomita 300. Nafasi ikiwa palepale, endelea na kazi, maliza mkopo wako, na hiyo kazi ya bushi na siti uipangie pesa taratibu, kwa sababu bado inakusubiri. Ikiwa imepungua tena, valvu inazama au inaungua, na hapo huna budi kufungua.

Kizuizi kisiporudi, usiseme bado ni valvu, kwa sababu ringi nazo zinapoteza kompresheni, yaani ule mgandamizo unaoleta kizuizi cha kiki. Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha mara chache, piga kiki. Nguvu ikiongezeka, ringi ndizo zilizovuja, oili imeziba kwa muda. Isipobadilika, ni valvu au gasketi ya hedi. Ukitaka uhakika zaidi, nenda kwa watu wa kujaza upepo. Mafundi wengi huwa na plagi kuukuu iliyotolewa udongo na kufungwa mpira wa upepo. Pistoni iwe juu kabisa kwenye ile alama ya T, roka zote zikicheza, gia kubwa imeingia, mtu ameshika breki ya nyuma, na vidole vya kila mtu viwe mbali na kiki, kwa sababu upepo unaweza kuizungusha injini ghafla. Ukishaingiza upepo, sikiliza. Upepo ukitoka kwenye bomba la ekzosi, ni valvu ya ekzosi. Kwenye kabureta, ya kuingizia. Kwenye tundu la oili, ringi. Kipimo hiki kinachukua dakika kumi na kingekuokolea zile 90,000.

Ikibidi kufungua, usimpelekee anayesema atasaga kwa mkono. Tafuta hapo Arua karakana yenye mashine, wale wanaochonga hedi za magari na za injini za kusagia nafaka. Waambie: bushi mbili mpya, siti zichongwe, halafu valvu zisagwe kidogo tu mwishoni. Bushi mpya ziingie hedi ikiwa imepashwa moto, zisigongwe kwenye aluminiamu baridi. Siti ichongwe baada ya bushi kukaa, isiwe kabla, kwa kuwa kifaa cha kuchongea hufuata tundu la bushi. Simama hapo uangalie. Wakimaliza, omba penseli. Chora vistari kuukata uso wa valvu, kimoja karibu na kingine kuzunguka wote, iweke kwenye siti, ibane kwa kidole na uizungushe robo mzunguko, kisha itoe. Kila kistari lazima kiwe kimekatika katikati kwa mkanda mwembamba. Kikibaki hata kimoja kizima, hapo ndipo moto utakapopita. Hedi ikishafungwa springi, ipindue, mimina petroli kwenye njia ya ekzosi na ya kuingizia, ngoja dakika tano ukitazama upande wa pistoni. Fanya nje, mbali na sigara na jiko. Pakilowa, irudi mashineni. Na waoshe hedi vizuri: punje za pasta zikibaki ndani zinaendelea kusaga injini yako wewe ukiwa barabarani.

Valvu mpya juu ya siti mpya huzama kidogo siku za mwanzo. Pima tapeti baada ya kilomita 500, na baada ya hapo kila kilomita 3,000. Kuhusu oili, rangi yake haikuambii kitu. Inaweza kuwa nyeusi na nzima, au ya kahawia na imekwisha. Kwa kazi ya boda kwenye vumbi mimi namwaga kila kilomita 2,000, na fimbo ya oili naichomoa kila Ijumaa.

Wenzako wa steji wenye shida nyingine niwaambie kwa ufupi. Moshi wa buluu unaotoka unapofungua mafuta baada ya kuteremka mlima bila kutia moto ni sili na bushi za valvu. Ukitoka wakati wote, zaidi ukibeba mzigo, ni ringi. Valvu iliyopinda, tafuta sababu kwenye cheni ya taimingi, kwenye springi iliyochoka, au kwa dereva aliyeshusha gia kwa pupa kwenye mteremko. Shina lililochubuka, angalia oili kabla ya kununua chochote.

Umeuliza kama ni wewe. Sponji na mpira, ndiyo, ni wewe, na vyote viwili utavirekebisha kwa siku moja. Kuungua kwa valvu kulianzia kwenye bushi iliyochoka na kukaharakishwa na tapeti zilizobanwa, na wewe ulilipia kazi hiyo kwa imani. Usiende kugombana na mafundi wale. Chukua fila, nenda kwa yule wa pili asubuhi, muombe mpime pamoja.

Na kabla hajagusa skrubu, andika namba mliyoikuta kwenye ya ekzosi, hata ikiwa ni sifuri, kisha unitumie.